Thamani ya Gari Lililogongwa: Biashara ya Mafundi wa Bodi Mautuma

Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda mpaka wa Malaba, ikisha kuiacha Eldoret na kupita Turbo, huingia nchi ya Lugari katika kaunti ya Kakamega, na ndani ya nchi hiyo imo wadi ya Mautuma, yenye mashamba ya mahindi na miwa ambayo wenyeji walimilikishwa katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Barabara hiyo hubeba shehena ya Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo, na malori yake hugawana lami moja na Probox zilizosheheni abiria, na bodaboda, na matrekta yakokotayo miwa wakati wa magharibi bila taa ya nyuma. Na vyombo visivyolingana kwa uzito wala kwa mwendo vikutanapo, riziki ya fundi wa bodi huanzia pale pale hasara ya mwenye gari ilipoanzia. Ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 nchini Kenya kila mwaka, na hao hawasahauliki. Walakini kwa kila ajali iuayo ziko nyingi zaidi ziharibuzo vyuma tu, na hizo ndizo zilishazo biashara ambayo kurasa za uchumi aghalabu huipita bila kuitazama.

Biashara hiyo ina sehemu mbili, kukadiri hasara na kuitengeneza, na katika gereji za Mautuma na Turbo sehemu ya pili haikosi mahiri. Mtazame fundi aliyeinama juu ya madigadi iliyobonyea: mkono wa kushoto umeshika kipande kizito cha chuma nyuma ya bati, wa kulia umeshika nyundo yenye uso bapa, naye hapigi katikati ya shimo, huanzia ukingoni akazunguka kidogo kidogo kuelekea ndani, na kila baada ya mapigo machache huweka nyundo chini akapitisha kiganja juu ya bati huku akitazama kwingine, maana katika kazi hiyo kiganja hutambua mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Ustadi huo haupatikani kitabuni, na kuudharau ni dhuluma. Lakini muulize fundi huyo huyo kazi nzima itagharimu kiasi gani, na kwa sababu gani, naye atalizunguka gari mara moja, atataja jumla, mwenye gari ataomba apunguziwe theluthi, watavutana kidogo, kisha watapeana mikono. Karatasi haipo. Kwa rai yangu, ufukara wa kazi hii mashambani hausababishwi sana na uchache wa zana, kama wengi wasemavyo. Asili yake ni hiyo bei ya mdomo, isiyomlinda fundi wala mteja.

Hasara ionekanayo nje ni baadhi tu ya hasara. Gari dogo kama Probox halina chesisi iliyo mbali na bodi, kama ilivyo kwa Land Cruiser au lori; bodi yenyewe ndiyo chesisi, hata pigo la pembe ya mbele laweza kusafiri ndani ya bati hadi likafika nguzo ya mlango. Kwa hiyo fundi ajuaye kukadiri hashiki nyundo kwanza. Hufungua boneti akapima kimshazari kwa kamba au utepe, kutoka tundu la boliti la kulia mbele hadi la kushoto nyuma, kisha akapima mshazari wa pili, na vipimo viwili visipolingana hujua ya kuwa mbele ya gari imekwenda upande. Hufunga mlango taratibu akatazama mwanya ulio kati yake na nguzo, ambao ukiwa mwembamba juu na mpana chini huonyesha kuwa nguzo imelala. Hulala chini ya gari kutafuta rangi iliyopasuka penye maungio, maana rangi hupasuka pale chuma kilipokunjika hata kama kimejirudi. Na chuma cha magari ya sasa kimegawanywa makusudi, kigumu penye nguzo na chepesi kukunjika mbele, ili nguvu ya mgongano iishie huko kabla ya kumfikia dereva. Nguzo ya namna hiyo ikichomwa kwa gesi hadi iwe nyekundu ili inyooke, huonekana nzima ilhali ugumu wake umekwisha ondoka.

Chukua mfano wa fundi aliyepatana shilingi 40,000 kwa madigadi na bampa, akafungua na kukuta fremu ya radieta imepinda na mguu wa mbele umesogea. Kwa kuwa bei ilikwisha kutajwa na nusu yake imekwisha nunua rangi, amebakiwa na njia mbili: ale hasara, au aufiche upinde ule chini ya fila na rangi. Njia hiyo ya pili huua watu, na lau pangalikuwa na karatasi iliyosema tangu mwanzo kwamba bei ya vilivyofichika itatajwa baada ya kufungua, haja ya kuishika isingalikuwapo.

Makampuni ya bima yalikwisha kulifahamu jambo hili zamani, na ndiyo maana hayaruhusu nyundo itangulie karatasi. Mwenye bima kamili huripoti polisi akapewa abstrakti, akajaza fomu ya madai, kisha kampuni humtuma mkadiriaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambaye hulinganisha namba ya chesisi na ile ya logibuku, hupiga picha, huorodhesha vipuri vya kubadilishwa na vya kunyooshwa pamoja na ujira wa kila kimoja, na kukadiri thamani ya gari kabla halijagongwa. Gharama inapokaribia nusu ya thamani hiyo au kuipita, aghalabu kampuni huona afadhali kumlipa mwenye gari na kuchukua mabaki. Na gari ambalo mifuko yake ya hewa imefumuka hufika kiwango hicho upesi, hata bati lake lisipoumia sana. Liko jambo moja ambalo wenye magari hawaelezwi ipasavyo: gari la thamani ya 800,000 likikatiwa bima kwa 600,000 ili ada ipungue, hasara ya 200,000 yaweza kulipwa 150,000 tu, na hiyo ni kabla ya kutolewa fungu ambalo mwenye gari hujilipia mwenyewe.

Katika mpango huo fundi wa Mautuma hana nafasi, kwa kuwa kazi hupelekwa kwa gereji zilizoidhinishwa na kampuni, nazo ziko mijini, Eldoret au Kakamega. Yeye hubakiwa na wenye bima ya mtu wa tatu, ambao ndio wengi, na bima hiyo, inayolazimishwa na Sheria ya Sura ya 405, haimlipi mwenye gari hata senti moja kwa gari lake mwenyewe. Kazi yake kubwa ni fidia ya waliojeruhiwa na waliofariki, ambayo mwisho wake kisheria ni shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Lori la Uganda likimgonga mtu wa Lugari, Kadi ya Njano ya COMESA humfuata mwenye lori na dhamana yake hadi ng'ambo hii ya mpaka. Lakini hata dhamana iliyoandikwa ina mipaka: United Insurance ilipowekwa chini ya usimamizi wa kisheria 2005, na Blue Shield 2011, wenye matatu walijikuta na vyeti visivyolipa madai, na fundi aliyekwisha tengeneza kwa deni alikuwa miongoni mwa wadai wasio na hati mkononi.

Vipuri ni tawi la pekee. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, walakini magari yakisha kuingia huishi miaka mingi, na taa, boneti na milango yao hutafutwa kati ya vipuri vilivyotumika Japani, ambavyo hufika kwa basi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Rangi nayo ina shida zake: mvua za alasiri katika nyanda hizi hutia unyevu hewani, na rangi ipulizwayo wakati huo hupauka. Linalonisikitisha zaidi ni kumwona kijana akipuliza rangi yenye kigumishi akiwa amejifunga kitambaa tu puani, kwani mvuke wa kigumishi hicho waweza kuleta pumu ya kudumu, na barakoa yenye kichujio ndicho kifaa ambacho gereji ilistahili kukinunua kabla ya kompresa.

Wenye bodaboda sitawazungumzia sana. Foku iliyopinda hunyooshwa kwa jeki, pikipiki hurudi kazini jioni, na hakuna akadiriye kitu.

Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda hutoa majaribio ya ufundi kwa daraja tatu, na fundi aliyejifunza kazi chini ya mti hana kizuizi cha kufanya jaribio hilo akapata cheti. Ningependa sana kuona cheti hicho kikiandamana na daftari la makadirio lenye nakala mbili, moja ya fundi na moja ya mteja, kwani kampuni ya bima yaweza kulisoma daftari, ilhali haiwezi kusoma kiganja, na kazi ndogo ndogo za wenye bima kamili wa Lugari zingeweza kubaki Lugari.

Faida ya karatasi hiyo ingemfikia pia mnunuzi wa gari lililotumika. Mabaki ambayo makampuni hulipia huuzwa kwa mnada, baadhi huvuliwa vipuri, na mengine huunganishwa, nusu ya mbele ya moja na nusu ya nyuma ya jingine, yakapakwa rangi mpya na kurudi barabarani kubeba abiria. Anayenunua Probox Mautuma hii leo haonyeshwi makadirio yoyote ya zamani, hivyo hana budi kulitazama bati lenyewe: afunue zulia la buti na la chini ya viti, atafute mshono. Kiwanda huunganisha bati kwa alama ndogo za mviringo zilizopangwa kwa nafasi sawa, na fundi wa gereji huacha mstari mmoja wa chuma kilichoyeyuka, uliosagwa na kupakwa rangi. Mstari huo ukiwa kwenye sakafu ya buti, bei na ishuke. Ukipita katika nguzo ya mlango au chini ya kiti cha dereva, asilinunue kwa bei yoyote.