Kitale au Bungoma: Reli ya Mfano Ipi Itakufaa?

Anayetaka kujenga reli ya mfano nyumbani huanza kuuliza bei ya injini. Heri aanze kwa kujiuliza atakuwa akifanya nini nayo jioni baada ya kazi, maana jibu hilo ndilo litakaloamua pesa zake ziende wapi. Huku magharibi mwa Kenya tuna stesheni mbili zinazoonyesha tofauti hiyo vizuri sana.

Kitale ni mwisho wa reli. Tawi lake, lililofunguliwa 1926, huchepuka Leseru, hupita Moi's Bridge na kuishia kwenye mahindi ya Trans Nzoia. Treni ikifika mwisho kama huo, injini hujitenga, huzunguka mabehewa yake, huyasukuma ghalani, kisha huondoka na yaliyojaa. Bungoma iko kwenye njia kuu, kati ya Webuye na Malaba, na mizigo ya Uganda hupita bila kugeuka. Basi mwenye kufurahia kupanga mabehewa ajenge Kitale. Mwenye kutaka kuketi atazame treni ndefu ikipita, ajenge Bungoma.

Tuanze na mbao. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 ikipasuliwa kwa urefu hutoa rafu nne za upana wa sentimita 30. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87, Kitale inaenea kwenye rafu moja. Njia kuu haimalizi vipande vitatu vya reli vya milimita 914. Gharama iko kwenye pointi za kuhamishia treni: utahitaji tatu au nne, na moja huwa ghali kuliko kipande kizima cha reli. Injini moja inatosha. Ghala la mahindi halitakugharimu chochote cha maana, kwani bomba la plastiki la milimita 110, kwa kipimo hicho, ni ghala la kipenyo cha zaidi ya mita 9.

Bungoma ya HO hula plaiwudi nzima. Kona zenye nusu kipenyo cha milimita 438 hukuachia upande ulionyooka wa kama mita 1.5 tu, na mabehewa kumi ya sentimita 15 hujaza urefu huo wote. Treni itakuwa stesheni na nje ya stesheni kwa wakati mmoja. Hapo ningechagua N, yaani 1:160, ambapo treni hiyohiyo hupungua hadi kama sentimita 82. Kwa Kitale nisingeigusa N: mabehewa yanayoshikwa na kuachanishwa kila mara yanataka ukubwa wa kutosha kwa vidole.

Kuna suala la upana wa reli. Reli yetu ya zamani ni ya mita 1. Reli ya HO ya milimita 16.5 inawakilisha milimita 1,435, ambao ni upana wa reli mpya, SGR. Iliyo sahihi ni HOm ya milimita 12, lakini soko lake kubwa ni reli za milimani Uswisi, na bei zake ni za huko. Kwa Kitale yenye injini moja, ugharamie usahihi huo: tafuta mtambo wa injini ya kipimo cha TT, ambao pia hutembea kwenye milimita 12, kisha uujengee bodi ya Kikenya juu yake.

Umeme wa kawaida wa volti 12 unaitosha Kitale. Bungoma yenye treni mbili zinazopishana hurahisishwa na mfumo wa kidijitali, ila kila injini itataka chipu yake.

Ukiagiza nje, kumbuka kwamba ushuru hukadiriwa pamoja na nauli ya mzigo, na VAT ya asilimia 16 huongezwa juu yake. Agiza mara moja, pamoja na mwenzako ikiwezekana. Mbao, rangi na nyaya nunua hapahapa.

Kwa mwenye bajeti ndogo, pendekezo langu ni Kitale. Rafu tatu zitakazobaki ziwekee Moi's Bridge na Leseru. Ukifika Leseru uko tayari kwenye njia kuu ya kwenda Bungoma.