Kwa nini China imehangaika miongo kadhaa kuunda injini ya ndege ya kivita?

Wakazi wa Ilemela wanaoishi jirani na Uwanja wa Ndege wa Mwanza wanaijua vizuri ngurumo ya ndege za kivita. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina kambi ya anga hapo, na tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya ndege zake za kivita zimetoka China, zikiwemo za aina ya F-7.

Lakini kuna jambo linaloshangaza wengi. China inayotengeneza simu, treni za mwendo kasi na vyombo vya anga za juu, kwa miaka mingi ilitegemea Urusi kupata injini za ndege zake bora za kivita. Tatizo lilikuwa nini?

Moto unaozidi uwezo wa chuma

Injini ya jeti hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta hewa, huikandamiza, huichanganya na mafuta na kuiwasha, kisha hutoa gesi ya moto kwa nyuma na ndege ikasukumwa mbele. Kabla ya kutoka, gesi hiyo hupita kwenye turbini, yaani gurudumu lenye mapanga madogo mengi, na kulizungusha. Turbini ndiyo inayoendesha sehemu ya mbele inayokandamiza hewa.

Kazi ngumu iko hapo. Katika injini za kisasa za kivita, gesi inayofika kwenye mapanga hayo inaweza kuzidi nyuzi joto 1,500 za Selsiasi. Nikeli, madini makuu yanayotumika kuyatengeneza, huyeyuka kwa nyuzi 1,455. Kwa hiyo panga la turbini hufanya kazi ndani ya moto ambao ungeweza kuliyeyusha, huku likizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika.

Haliyeyuki kwa sababu tatu. Kwanza, nikeli huchanganywa na madini mengine kama kobalti kwa vipimo makini sana. Pili, panga lote hukuzwa kama fuwele moja isiyo na maungio ndani yake, kwa kuwa ufa huanzia kwenye maungio. Tatu, ndani yake hupitishwa vijitundu vya hewa ya kulipoza, na juu hupakwa tabaka la kauri.

Kunakili si kuelewa

Fundi hodari wa injini za boti akiletewa kipuri kilichovunjika anaweza kukipima na kukichonga upya, na boti ikarudi ziwani. Kwa panga la turbini njia hiyo haifiki mbali. Umbo lake utalipima, lakini siri imo katika namna lilivyoyeyushwa, lilivyopozwa na lilivyokaguliwa. Hayo hayaonekani kwa macho.

China ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1956 ilitengeneza injini yake ya kwanza ya jeti, WP-5, kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1960 wataalamu wa Kisovieti waliondolewa nchini humo baada ya viongozi wa pande mbili kukosana. Mwaka 1961 China ilipata leseni ya kuunda MiG-21, ambayo baadaye ikawa J-7, na ile ya kuuzwa nje ikaitwa F-7. Nyaraka hazikuja kamili, na wahandisi wa Kichina walilazimika kujaza mapengo wenyewe. Injini za kizazi hicho zilihitaji kufumuliwa na kukarabatiwa baada ya saa mia chache tu za kuruka.

Mwaka 1975 China ilijaribu njia nyingine, ikanunua leseni ya injini ya Spey kutoka kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza. Hata ikiwa na michoro mkononi, ilichukua zaidi ya miaka 20 kuitengeneza bila kutegemea vipuri vya nje.

Safari ya WS-10

Kazi ya kuunda injini ya WS-10 ilianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Ilikuja kufungwa kwenye ndege za J-11B miongo miwili baadaye, na mwanzoni ilisumbua kiasi kwamba jeshi liliendelea kununua injini za AL-31 kutoka Urusi. Mwaka 2016 serikali iliunganisha viwanda vya injini kuwa shirika moja, AECC, lisilounda ndege bali injini pekee. Mwaka 2021, kwenye maonyesho ya Zhuhai, ndege ya J-20 iliruka hadharani ikiwa na injini za nyumbani.

Hata hivyo safari haijaisha. Ndege ya abiria ya C919, fahari ya China, inaruka kwa injini za LEAP zinazotokana na ubia wa Marekani na Ufaransa. Mwaka 2025 Marekani ilisitisha kwa wiki kadhaa mauzo ya teknolojia hiyo kwa China, katikati ya mvutano wa biashara.

Mwanza inahusikaje?

Anayemiliki injini ndiye mwenye kauli. Ndege ya JF-17, iliyoundwa na China pamoja na Pakistan na kununuliwa pia na Nigeria, hutumia injini ya Urusi ya RD-93. China ilihitaji idhini ya Urusi kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Nchi inayonunua ndege ya kivita huwa imeingia pia katika uhusiano wa mafundi na vipuri utakaodumu miaka 30 au zaidi.

Abiria wa kawaida nao wameyaonja. Kuanzia mwishoni mwa 2022, Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya Airbus A220 zake kwa hitilafu za injini za Pratt & Whitney, na safari za ndani zikapunguzwa. Ndege ilikuwa mali ya Tanzania, lakini suluhisho lilikuwa mikononi mwa mtengenezaji wa Marekani.

Na kuna nikeli. Huko Kabanga, wilayani Ngara mkoani Kagera, upo mwamba wenye nikeli, shaba na kobalti. Mwaka 2021 serikali iliingia mkataba wa kuuendeleza, na kupitia kampuni ya Tembo Nickel inamiliki asilimia 16. Mpango uliotangazwa wakati huo ulikuwa kusafisha madini hayo Kahama badala ya kuyasafirisha ghafi, huku soko linalotazamwa zaidi likiwa betri za magari ya umeme.

Kati ya mwamba wa Kabanga na panga la turbini kuna umbali ambao China, pamoja na fedha na viwanda vyake, imeutembea kwa zaidi ya miaka 60. Hakuna anayetarajia Kanda ya Ziwa iunde injini za jeti kesho. Lakini kila hatua ya kusafisha na kuchanganya madini ikifanyika nchini hufundisha watu wa kuifanya, na ujuzi huo China haikuupata kwa leseni wala kwa kunakili.