Farasi 400 wa Kwenye Tangazo

Tangazo lenyewe huwa fupi. Subaru Impreza STI, "Stage 2", farasi 400, injini imejengwa upya, haijawahi kuonja mashindano, mwenyewe anasafiri ndiyo maana anauza. Chini yake kuna picha: rimu za rangi ya shaba, ekzosi yenye mdomo mpana, boneti wazi kuonyesha mabomba mekundu ya silikoni. Nairobi haikauki matangazo ya namna hii. Ni mji ulioipenda Subaru hasa, mapenzi yaliyokolea Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 ndani ya Impreza, na Richard Burns akaipa gari hilo ushindi mwingine mwaka 2000.

Madai machache kati ya hayo ni uongo mtupu. Mengi ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayomaliza akiba za watu. Lakini nguvu ya gari haiji bila kuacha alama. Inahitaji hewa, petroli na vyuma vya kuibeba, na vyote vitatu vinakaguliwa bila kumgombeza muuzaji.

Tuanze na hao farasi 400. Injini ya petroli yenye tabo, ili ifike hapo, huchoma takriban kilo 100 za petroli kwa saa ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Gawanya kwa silinda nne, acha nafasi kidogo ya usalama, na kila injekta italazimika kuwa na uwezo wa kupitisha sentimita za ujazo 650 hadi 700 kwa dakika. Injekta ambazo WRX ya kawaida, Impreza iliyo ngazi ya chini ya STI, ilitoka nazo kiwandani hazifiki hata 500. Tabo lake dogo la TD04 nalo huishiwa na pumzi mapema, mbali kabisa na 400. Aliyefika huko kwa haki ana majibu mdomoni: ukubwa wa injekta, jina la tabo, aina ya pampu ya petroli, na fundi aliyepanga upya kompyuta ya injini. Anayejibu kwamba gari "limefanyiwa kila kitu" hajajibu lolote.

Wengine hutoa karatasi ya dayno, mashine ya kupimia nguvu kwenye magurudumu. Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu karatasi ina uzito wa ushahidi na watu wengi huishia hapo kuuliza. Nairobi iko juu ya mita 1,700, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 83 ya lile la Mombasa. Mashine nyingi hutumia kanuni ya SAE kurekebisha matokeo ili yafanane na ya usawa wa bahari, na kwa hewa ya Nairobi kanuni hiyo huongeza asilimia 20 na ushei. Kwa injini inayovuta hewa yenyewe, hiyo ni haki. Injini ya tabo ni jambo jingine: tabo huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua, kwa hiyo nyongeza ile inalipa hasara ambayo kwa sehemu kubwa haikutokea.

Chukua gari lililopimwa farasi 260 kwenye magurudumu. Likisharekebishwa, karatasi inasoma karibu 319. Kisha mtu anaongeza asilimia 25 kwa ajili ya nguvu inayodhaniwa kupotea kwenye giaboksi na difu, na jibu linakuwa 399. Hivyo ndivyo 260 inavyofika 400 bila bolti moja kuguswa. Mnunuzi aombe namba ghafi, kiwango cha marekebisho kilichotumika, tarehe ya kipimo, na mchoro wa shinikizo la tabo. Karatasi isiyo na namba ya usajili wa gari inaweza kuwa ya gari lolote.

Hata watengenezaji wamewahi kucheza na namba. Kuanzia 1989 hadi 2004, kampuni za Japani zilikuwa na maelewano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, na magari yaliyozidi hapo yaliandikwa 280 vilevile.

"Stage 2" nayo haina mamlaka yoyote inayoisimamia. Kila karakana ina tafsiri yake, ingawa kwa kawaida humaanisha ekzosi pana kuanzia kwenye tabo pamoja na kompyuta kupangwa upya. Hatari ni pale lilipofungwa bomba peke yake, maana shinikizo linaweza kupanda kuliko kompyuta ilivyotarajia na pistoni zikapasuka. Hatari ya pili ni mpangilio uliofanywa Japani, ambako petroli ya daraja la juu ina oktani karibu 100. Petroli ya vituo vingi vya hapa haifiki huko, na injini iliyopangwa kwa ile hugonga kwa hii.

Beji ndiyo rahisi kuliko yote kughushi na ndiyo rahisi kuliko yote kuumbua. Katika Impreza za sedani za 2000 hadi 2007, namba ya chasisi ya STI huanza na GDB. WRX ya kawaida ni GDA, yenye giaboksi ya gia tano badala ya sita. Katika toleo lililofuata, STI ya milango mitano ni GRB. Ndugu yake GH8 ina tabo pia, lakini ni farasi 250 dhidi ya 308, na bodi yake ni nyembamba kwa milimita 55. Ubavu unaweza kupanuliwa kwa faiba na beji ikabandikwa. Namba ya chasisi, ikilinganishwa na ile ya kwenye logibuku, itabaki ikisema ukweli.

Umri nao husema. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na GDB ya mwisho ilitengenezwa 2007. Kwa hiyo anayeuza GDB "iliyotoka Japani juzi" jijini Nairobi anauza hadithi. Gari hilo limekanyaga barabara za hapa miaka mingi. Tanzania haina katazo hilo, bali hutoza ushuru zaidi kwa magari makuukuu, kwa hiyo Dar es Salaam dai lilelile linaweza kuwa kweli. Huko iombwe karatasi ya mnada wa Japani. Alama R humaanisha gari lenye historia ya ajali iliyotengenezwa, na kilomita zilizoandikwa siku ya mnada zilinganishwe na za kwenye dashibodi.

Na ule mngurumo wenye mdundo ambao vijana huutambua kutoka mtaa wa tatu? Unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, si nguvu. STI nyingi za soko la Japani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifungwa mabomba yanayolingana na tabo la njia mbili, na hazina mdundo huo. Sauti haithibitishi STI.

"Injini imejengwa upya" ndilo dai zito kuliko yote, maana halionekani kwa nje. Ithibitishwe kwa risiti za vipuri, za karakana iliyochonga silinda, na picha za injini ikiwa wazi. Kisha ipimwe kompresheni. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari na Nairobi zitasomeka chini, kwa hiyo la kuangalia zaidi ni tofauti baina ya silinda. Ikizidi asilimia 10, kuna jambo. Gari likutwe baridi, na kiganja kiwekwe juu ya boneti kabla ya ufunguo kuzungushwa. Kugonga kwa pistoni hupungua injini ikipata joto. Kule kwa beringi za konrodi huzidi, na muuzaji aliyewasha gari kabla ya mgeni kufika huenda ana cha kuficha.

Mwisho ni maandishi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Mkataba uandikwe hivyo basi: STI, chasisi namba fulani, injini namba fulani iliyojengwa upya mwezi fulani kwa pistoni za aina fulani, farasi kadhaa kwa kipimo cha tarehe fulani bila marekebisho. Kampuni ya bima nayo iambiwe mabadiliko yote kabla ya gari kuingia barabarani, kwa kuwa gari lililokatiwa bima kama la kawaida linaweza kunyimwa fidia siku ya ajali.