Safari ya Elimu Huanzia Nyumbani

Jioni moja nikiwa barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia mpwa wangu. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akaketi, akanambia mamake ataka kuuza bangili zake za dhahabu, zile alizovikwa siku ya harusi. Kisa? Wakala fulani ameahidi kumtia kijana Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kwa malipo.

Nikamwambia, "Mwambie dadangu angoje siku tatu."

Tukaingia katika tovuti ya chuo chenyewe, kwani siku hizi maombi hupelekwa kwa intaneti. Kumbe hakuna ada ya kuomba! Chuo hicho, kilichoasisiwa mwaka 1961, huwasomesha wageni kwa ufadhili: malazi, posho ya kila mwezi na tikiti ya ndege. Dadangu alikuwa akiuziwa mlango ulio wazi.

Lakini, ndugu msomaji, mlango kuwa wazi si kwamba kila abishaye huingia. Waombaji ni wengi. Basi tukaanza kukusanya: shahada ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, pasi, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, cheti cha daktari, na barua za masheikh wanaomjua.

Kisha nikamwuliza kwa Kiarabu alikolala jana. Akanitumbulia macho. Kijana amekhitimu msahafu, kama nilivyokhitimu mimi utotoni. Ila kukisoma Kiarabu si kukisema. Kweli Madina kuna taasisi ya kuwafunza lugha wasio Waarabu, lakini aendaye na akiba hahangaiki. Sayyid Ahmad bin Sumeit (1861–1925), aliyekuwa kadhi wa Unguja, kabla ya kwenda Hadhramaut kutafuta elimu alisomeshwa kwanza na babake. Mpwa wangu naye sasa huenda kwa sheikh wa mtaani kila baada ya alasiri.

La mwisho ni kurudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hapa Kenya shahada za ng'ambo hutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ni heri kuiuliza kabla ya kupanda ndege kuliko kurudi na karatasi ya kutundika ukutani.

Majibu ya Madina hayajafika, twamwachia Mola. Lakini bangili za dadangu zingali mkononi mwake.