Kiko Kilichotengenezwa: Namna ya Kukitambua na Kukihifadhi

Neno kiko, kwa watu wengi leo, lina maana ya chombo kizima cha kuvutia tumbako. Lakini Edward Steere, katika kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, alipambanua sehemu nne: bora, yaani bakuli la udongo uliochomwa, digali, yaani mti unaoshusha moshi, kiko chenyewe, yaani chombo kidogo cha maji, na shilamu, yaani mrija unaofika mdomoni.

Mpambanuo huo humfaa sana mwenye kuchunguza viko vya zamani, kwa sababu sehemu hizo hazichakai pamoja. Udongo huvunjika, mti huungua, kibuyu hupasuka; mvutaji hubadilisha kilichoharibika na kuendelea kuvuta. Kwa hiyo kiko kimoja chaweza kuwa na sehemu za umri mbalimbali, na haifai kukiandikia tarehe moja tu.

Je, matengenezo ni ya mvutaji au ya mwuza vitu vya kale? Tutazame ufa ulioshonwa. Ikiwa masizi yameingia katika matundu ya mshono na kuufunika uzi au waya, kiko kilivutwa baada ya kushonwa. Ikiwa matundu ni safi, hali ndani kote kumejaa masizi, yaelekea mshono ulikuja baadaye.

Hatari kubwa ni kusafisha kwa haraka. Masizi si uchafu, bali ni ushahidi. Mwaka 1975 Nikolaas van der Merwe alichapisha uchunguzi wa mabakuli ya viko yaliyofukuliwa katika pango la Lalibela, Ethiopia, yaliyokadiriwa kuwa ya karne ya 14 hivi. Mabaki yake yalionyesha dalili za bangi, kabla tumbako haijatoka Amerika. Kama mabakuli hayo yangalioshwa, habari hiyo ingalipotea.

Basi vumbi la nje liondolewe kwa brashi laini na kavu; ndani pasiguswe. Kipande kilichovunjika kiunganishwe kwa gundi inayoweza kuondolewa tena, kama Paraloid B-72, ambayo huyeyuka katika asetoni. Mshono wa zamani usifumuliwe, na kila kazi mpya iandikwe.

Nasi wanafunzi wa lugha tuna sehemu yetu: kuwauliza wazee majina ya sehemu za kiko katika lugha zao. Jina likisahauliwa, hata kipande kilichosalia mkononi hatutajua kilikuwa cha kazi gani.