Risasi Haijamaliza Ugomvi Katika Nchi ya Chai

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Mimi nathubutu kusema kuwa katika nchi yetu ya chai, Kericho na Bomet, dawa hiyo imejaribiwa kwa zaidi ya karne moja na mgonjwa hajapona.

Mkaazi wa Mathare au Kayole jijini Nairobi asikiapo mlio wa risasi usiku, aghalabu huwafikiria majambazi. Huku kwetu bunduki huja kwa msimu, na kila ijapo huukuta ugomvi ule ule wa ardhi, kazi na kura.

Mnamo 1905, serikali ya kikoloni ilituma askari kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik kwa sababu ya mifugo waliyoiteka kwa Wamaasai. Watu wengi waliuawa. Wazao wao hutaja idadi ya 1,850. Baadaye ardhi yao nyingi ilitwaliwa na walowezi na kampuni za chai. Je, risasi zile zilimaliza shauri? La hasha! Mwaka 2019, miaka 114 baadaye, wazao hao walipeleka malalamiko yao katika Umoja wa Mataifa.

Kisha likazuka balaa la uchaguzi wa Desemba 2007. Wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka katika jamii nyingine walishambuliwa na kufukuzwa. Tarehe 31 Januari 2008, Mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi na askari polisi mjini Eldoret, na Kericho ikawaka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi.

Mei 2023, vijana waliokasirishwa na mashine za kuchuma chai waliziteketeza huko Kericho. Polisi wakafyatua risasi na roho ikapotea. Mashine hufanya kazi ya wachumaji wengi. Swali la mkate wa wachumaji hao halikuzikwa pamoja na marehemu.

Sisemi kwamba anayechoma mali ya mwenzake aachwe. Huyo amevunja sheria na mahakama zipo. Lakini hukumu ya kifo haitolewi barabarani.

Ndiposa nawageukia walimu na wanafunzi. Katika somo la historia, matukio haya yasomwe pamoja, ili kijana auone uzi unaoyaunganisha. Na isomwe sheria pia. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 chamruhusu raia kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, yamtaka askari atumie bunduki pale tu ambapo njia nyepesi zaidi hazitoshi, kama vile kuokoa maisha. Na risasi yake ikiua au kujeruhi vibaya, Mamlaka Huru ya kusimamia utendakazi wa polisi lazima iarifiwe.

Ni wanafunzi wangapi wanaoyajua hayo? Mwanafunzi wa leo ndiye askari wa kesho, mchumaji wa kesho na meneja wa kesho. Iwapo watatu hao watajifunza darasani kwamba mzozo wa mshahara au shamba huamuliwa kwa maneno, huenda wajukuu wetu wakaisoma habari ya risasi vitabuni tu.