Chembe Mama za Damu na Vita Dhidi ya Sikoseli

Tangu mwisho wa mwaka 2023, habari zimekuwa zikisikika kutoka Ulaya na Marekani kwamba ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, umepata tiba mpya. Mwezi Novemba mwaka huo Uingereza iliidhinisha tiba hiyo. Tarehe 8 Desemba Marekani nayo ikaidhinisha tiba mbili kwa siku moja. Kwa kuwa ugonjwa huu umezivamia nyumba nyingi za Uganda, zikiwemo za askari wa jeshi na wa polisi, ni wajibu habari hizo zielezwe kwa kina, ili msikilizaji ajue lililo kweli, lililo mbali, na lililo karibu naye.

Kwanza, hapana budi kufahamu damu inatoka wapi. Ndani ya mifupa mikubwa ya mwanadamu umo ute uitwao uloto. Humo zinakaa chembe chache ambazo wataalamu huziita chembe mama, kwa sababu hizo ndizo zinazozaa chembe zote nyingine za damu: nyekundu zinazobeba hewa, nyeupe zinazopigana na maradhi, na zile zinazogandisha damu mtu anapojeruhiwa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Kwa hiyo uloto wa mtu mzima hulazimika kutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kwa kila sekunde. Chembe mama ni mfano wa depo ya makurutu: depo ikifungwa, baada ya muda mfupi hakuna askari mstari wa mbele.

Ukweli huo ulidhihirika wazi kwa njia ya vita. Mabomu ya atomiki yalipoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, watu wengi walionusurika moto walikufa wiki kadhaa baadaye, kwa sababu mionzi ilikuwa imeua uloto wao. Wanasayansi wakaanza kutafuta namna ya kuurudisha uloto uliokufa. Mwezi Oktoba 1958, katika kituo cha utafiti cha Vinca nchini Yugoslavia, wafanyakazi sita walipigwa na mionzi katika ajali. Walipelekwa Paris, na watano kati yao wakatiwa uloto wa Wafaransa waliojitolea. Mmoja alifariki, waliosalia wakarudi kwao. Wataalamu walibishana baadaye kama kweli ni uloto huo uliowaponya, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Kuanzia mwaka 1961, huko Toronto nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch walionyesha kwa kutumia panya kwamba chembe moja tu ya uloto yaweza kuzaa kundi zima la chembe za damu. Naye daktari wa Marekani E. Donnall Thomas, aliyeanza majaribio ya kupandikiza uloto kwa wagonjwa katika miaka ya 1950, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Shida kubwa ya kupandikiza uloto ni kupatana kwa damu. Uloto wa mgeni huweza kukataliwa na mwili. Na mara nyingine hutokea kinyume chake, uloto huo mgeni ukaugeukia mwili uliopokea na kuushambulia. Hata kati ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya kupatana kabisa ni moja kati ya nne. Ndipo wataalamu walipokumbuka kitu ambacho kwa miaka mingi kilitupwa baada ya kila uzazi. Damu inayobaki katika kitovu na kondo la nyuma, mtoto akishazaliwa, ina chembe mama nyingi tena changa, nazo haziwi wepesi wa kugombana na mwili mgeni. Mwaka 1988, katika Hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Daktari Eliane Gluckman alimtia mtoto wa Kimarekani, mwenye ugonjwa wa kurithi wa damu, damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Mtoto huyo alipona. Miaka minne baadaye benki ya kwanza ya umma ya kuhifadhi damu ya vitovu ilianzishwa New York. Upungufu wake ni mmoja: damu ya kitovu kimoja ni kidogo, na mara nyingi haimtoshi mtu mzima.

Sasa tuje kwenye sikoseli yenyewe. Ugonjwa huu unatokana na kosa moja dogo katika maagizo ya kurithi yanayouelekeza mwili namna ya kutengeneza himoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa ndani ya damu. Kwa kosa hilo chembe nyekundu, badala ya kuwa mviringo na laini, hujikunja mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kufa upesi. Matokeo yake ni maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, maradhi ya mara kwa mara, na hata kiharusi kwa watoto. Mtoto huugua akiwa amerithi kosa hilo kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi upande mmoja tu haugui, hubeba.

Uganda ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper waliandika juu ya wingi wa wabebaji miongoni mwa Baamba wa magharibi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kutokana na uchunguzi wa watoto wa Buganda kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu urithi huu umebaki katika nchi za malaria: humlinda anayerithi nusu, humwumiza anayerithi nzima. Uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2014 na 2015 katika damu za watoto wachanga 97,631 kutoka kila pembe ya Uganda ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ni wabebaji, na asilimia 0.7 ni wagonjwa. Katika baadhi ya wilaya wabebaji walizidi asilimia 20.

Tiba mpya zilizotajwa hapo mwanzo zinafanya nini? Madaktari hawamtii mgonjwa uloto wa mtu mwingine. Huchukua chembe mama zake mwenyewe, wakazirekebisha katika maabara, kisha wakamrudishia. Njia ya kwanza hutumia kirusi kilichotokana na virusi vya UKIMWI, ambacho kimeondolewa uwezo wa kudhuru, kibebe maagizo sahihi mpaka ndani ya chembe. Njia ya pili hutumia chombo cha kukata maagizo ya kurithi, uvumbuzi uliowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Chombo hicho huondoa kizuizi kinachofunga himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni na ambayo haijikunji. Katika majaribio ya njia hii ya pili, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa miezi 12 mfululizo bila kupatwa na mashambulizi makali ya maumivu.

Hata hivyo, ushindi huu una gharama. Kabla ya kurudishiwa chembe zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kufyeka uloto wa zamani, dawa ambayo yaweza kumfanya tasa. Hukaa hospitalini wiki nyingi. Hatari nyingine haijasahaulika: katika majaribio ya awali ya kuhamisha maagizo ya kurithi yaliyofanywa Ufaransa tangu mwaka 1999 kwa watoto waliozaliwa bila kinga, watoto kadhaa walipata kansa ya damu, kwa sababu kirusi kilichotumika kilijipachika mahali pabaya. Na bei zilizotangazwa Marekani zilikuwa dola milioni 2.2 kwa tiba moja, na milioni 3.1 kwa nyingine. Ni dhahiri kwamba kwa bei hiyo askari wa kawaida, hata akiuza shamba la ukoo mzima, hawezi kuikaribia.

Lakini askari hodari hakai akisubiri silaha ya mbali wakati anayo nyingine mkononi. Dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo humezwa kila siku, nayo huamsha himoglobini ya utotoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watoto 606 wa Mbale nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Ni dawa ya kutumiwa kwa usimamizi wa daktari na vipimo vya damu, lakini imo ndani ya uwezo wa Afrika. Nako Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma imekwisha kuanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli.

Yako pia mambo yanayowahusu askari wenyewe. Wabebaji ni watu wazima wenye afya, na wengi wamo katika majeshi bila kujijua. Mwaka 1987 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba makurutu weusi waliokuwa wabebaji walikuwa katika hatari ya kufa ghafla mazoezini takriban mara 28 kuliko wenzao weusi wasio wabebaji, ingawa idadi ya waliokufa ilikuwa ndogo. Jeshi la nchi hiyo lilikuja kuweka amri kwa wote: maji ya kutosha, mapumziko, na kuuzoesha mwili joto hatua kwa hatua. Mwaka 2016 utafiti mwingine, wa askari weusi 47,944, haukuona tena tofauti ya vifo. Kilichobaki ni hatari iliyozidi kwa asilimia 54 ya misuli kuharibika kwa mazoezi makali. Fundisho lake ni wazi. Mbebaji hastahili kufukuzwa wala kudharauliwa. Lakini mkufunzi anayemnyima kurutu maji juani akidhani anamkomaza, anacheza na roho ya mtu.

Aidha, wasikilizaji wajihadhari na wachuuzi wanaouza vidonge na unga wakidai kwamba vina chembe mama na vinaponya kila ugonjwa. Chembe mama ni kitu hai. Hutunzwa katika baridi kali na kuingizwa mwilini kwa njia ya mshipa. Haikaushwi ikatiwa koponi, wala haipiti tumboni ikabaki hai. Mshahara unaotumika kununua unga huo ungemtosha mtoto kwa dawa iliyothibitishwa.

Vijana walio kambini na wanaojiandaa kuoa au kuolewa wangefanya vema kupima damu mapema. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo hakimkatazi mtu kumpenda ampendaye. Humwezesha kuamua akijua, na kumpeleka mtoto kupimwa tangu anapozaliwa. Mtoto aliyejulikana mapema hupewa kinga ya maradhi na dawa kabla hajaumia. Asiyejulikana huzikwa kwa jina la malaria, au kwa kusingiziwa uchawi wa jirani.

Bei za tiba mpya huenda zikashuka siku moja, kama zilivyoshuka za dawa za UKIMWI. Mpaka siku hiyo ifike, kipimo cha damu, haidroksiyurea, chandarua na maji ya kunywa wakati wa kwata ndizo silaha zilizopo ghalani. Na silaha iliyopo ghalani hailindi nyumba ya mtu mpaka aichukue.